Kadi Sitini za Mwalimu

Mwalimu hakuwahi kupanda lifti peke yake, na ndivyo tulivyojuana. Nilikuwa narudi kutoka kazini saa nne asubuhi, viatu vya ulinzi vimenibana vidole, nikamkuta mzee wa kanzu na kofia amesimama mbele ya lifti ya jengo letu pale Discovery Gardens, mkate mkononi. Lifti ikafunguka, ikajifunga, ikafunguka tena, naye haingii.

"Binti, unapanda?"

"Napanda, mzee."

"Basi twende pamoja. Ikikwama, tutakuwa wawili."

Tukapanda pamoja kwa miaka tisa. Asipopata mwenzake alikaa kwenye kiti cha mlinzi pale chini akasubiri, hata nusu saa. Ngazi hakuzitaka, kwa kuwa siku moja alikutana na paka huko aliyemtazama vibaya.

Alizaliwa wapi na kwa nani, sitasimulia. Hakupenda kuulizwa nami sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba alisomesha skuli ya msingi huko Unguja kwa miaka mingi, akastaafu, mkewe akafariki, kisha akamfuata binti yake Zuwena huku Dubai. Zuwena alikuwa na kazi ya maana katika kliniki, na visa ya mzee ilikuwa juu yake. Jengo zima, Wakenya, Waganda na Wahindi, lilimwita Mwalimu. Hata mimi sikumwita vingine.

Mlango wao ulitazamana na wetu. Upande wetu tulikuwa wanawake wanane, kila mmoja na kitanda chake nyuma ya ubao. Mimi ni mtu wa Bungoma, Kiswahili changu ni cha sokoni, na Mwalimu hakukivumilia hata kwa ghorofa moja ya lifti.

"Mwalimu, leo niko na njaa."

"Njaa ni nani hata uwe naye? Sema *nina* njaa."

Alitembea na kalamu nyekundu katika mfuko wa kanzu. Matangazo ya mizigo ya Mombasa na Zanzibar yaliyobandikwa karibu na baqala, ambalo ni duka letu la mtaani, aliyasahihisha yote: hapa akaongeza herufi, pale akakata neno. Kisha alikumbuka kamera. Siku moja nilimwona anafuta wino wake kwa mate na kidole gumba, anatazama juu ya nguzo, midomo inamcheza.

Sijaona mtu mwoga kama yule. Gesi ya jikoni aliikagua mara tatu kabla ya kutoka, na mara nyingine tulifika chini akasema turudi. Nakala za pasipoti yake, na nakala za nakala hizo, alizitia katika mfuko wa nailoni ndani ya kopo la mchele. Simu yenye namba asiyoijua hakuipokea; aliiweka chini ya mto mpaka inyamaze. Gari la polisi likipita barabarani, hata kama linakwenda zake, alisimama wima kama mtoto aliyeitwa ofisini. Taa ya kuvukia ikiwa kijani alingoja kwanza mtu mwingine avuke.

Nilipomcheka alinijibu kwa methali, kidole juu: "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nina miaka mingapi? Na mashujaa niliosoma nao wako wapi?"

Ndiyo maana sikulitegemea alilonifanyia mwaka wa nne wa kujuana kwetu. Wakaguzi wa manispaa walikuja, wakakuta mbao zetu za kugawa chumba, mwenye kupangisha akaamriwa azivunje, nasi tukatolewa siku ileile. Wenzangu walikuwa na jamaa. Mimi nilikaa kwenye korido juu ya begi langu na nguo za kazi mapajani. Mlango wa Mwalimu ukafunguka kidogo, kwa upana wa jicho.

"Ingia," akasema.

"Mwalimu, utapata taabu."

"Ingia kabla sijabadili mawazo."

Nililala kwenye kochi lao wiki tatu. Kila lifti ilipolia "ting" aliruka: "Wamekuja!" Alitetemeka wiki zote tatu, na hakuniambia niondoke hata mara moja. Nilipopata mahali jengo la pili, ni yeye aliyenibebea mto, huku akitazama nyuma. Tangu hapo nilipita kwao kila nikitoka kazini, tukapanda lifti pamoja kama zamani.

Zuwena alinieleza jambo ambalo sikuliamini. "Baba yangu mwoga nyumbani," alisema. "Skuli alikuwa simba. Watoto wakimwona mtaani walivuka upande wa pili wa njia."

"Huyuhuyu?"

"Huyuhuyu. Hata mimi nilimwita Mwalimu darasani, na akinipiga bakora hakukumbuka kwamba nyumbani mimi ni mwanawe."

Nilimtazama mzee akimenya tufaha kwa kisu cha plastiki, kwa kuwa cha chuma alikiogopa, na nikaona Zuwena anatia chumvi.

Kitu pekee alichokishika bila kutetemeka kilikuwa albamu yake. Ilikuwa na jalada la kahawia na kurasa za karatasi nene, na kila ukurasa ulikuwa na kadi nne za wachezaji wa mpira, kona zake zimechomekwa kwenye vijipengo alivyovikata mwenyewe kwa wembe. Zilikuwa kadi zilizotoka katika pakiti za chingamu zamani, wachezaji wa Afrika Mashariki, nywele zimesimama, kaptura fupi. Jumla sitini. Alisema hajui mtu mwingine aliyebaki na sitini zote, na nadhani alisema kweli, maana kadi kama hizo watoto huzipoteza, huzitafuna, huzitia majini.

Kila alasiri alinawa mikono, akaikausha, akaifungua. Hakuziondoa kadi. Alipitisha kidole juu yake, namba moja mpaka sitini, midomo inahesabu.

"Ulizipata wapi, Mwalimu?"

"Wanafunzi wangu. Kila aliyemaliza skuli aliniachia moja ya ukumbusho." Akatabasamu. "Watoto walinipenda, binti."

Nilimwamini. Niliona hata wivu kidogo, kwa kuwa sikumbuki kama nilimpa mwalimu wangu chochote.

Mwaka jana Zuwena na wenzake wa jumuiya ya watu wa kwao waliamua kufanya maonyesho ya vitu vya zamani katika ukumbi wa kukodi: mabuli, vyetezo, picha za harusi, sanduku la bibi ya mtu. Zuwena akapiga picha kurasa za albamu akazitia kwenye grupu lao la WhatsApp. Watu walifurahi. Huyu anasema mchezaji yule alikuwa jirani yake, yule anasema baba yake alikuwa nazo kumi tu. Mwalimu alinisomea sifa hizo ndani ya lifti, miwani puani, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona amesahau kuogopa lifti.

Siku ya tatu ukaja ujumbe mmoja kwenye simu yake mwenyewe.

"Assalamu alaykum, Mwalimu. Ile namba arobaini na moja, golikipa. Kona yake ya chini, iliyofichwa na karatasi, imeungua kidogo?"

Mwisho palikuwa na jina: Haji.

Nilikuwa nimesimama naye mbele ya baqala. Aliusoma, akanipa simu niusome, akaichukua, akanipa tena. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kama ugali uliokosa moto.

"Twende tukakae," akasema.

Tulikwenda kwenye benchi nyuma ya maegesho. Jua la alasiri lilikuwa bado kali na benchi lilichoma, lakini hakuonekana kulisikia.

"Nikikwambia neno, utaniona mtu mwingine."

"Niambie tu, Mwalimu."

"Kadi zile sikupewa. Niliwanyang'anya."

Akaeleza kwa sauti ndogo, macho kwenye magari. Mtoto akichezea kadi darasani, alimchukulia, akamwambia atarudishiwa mwisho wa muhula. Muhula ukiisha mtoto anaogopa kudai, naye ananyamaza. Mwanzoni zilikaa tu ndani ya mtoto wa meza. Siku moja akazipanga akaona zimefika thelathini, zinakaribia kufuatana namba.

"Hapo ndipo shetani alipokaa kitako," alisema. "Nilikuwa mtu mzima, binti, nina mke. Nikawa nangojea watoto wavunje sheria. Zilipofika hamsini na tisa, ikabaki golikipa. Haji alikuwa naye. Na Haji hakuwahi kuitoa darasani. Aliitoa nje ya geti tu, akawaonyesha wenzake, akairudisha. Mtoto mzuri. Basi siku moja walipotoka kucheza, nilifungua mkoba wake."

Nami nikatazama magari aliyokuwa akiyatazama yeye.

"Alilia siku mbili. Siku ya tatu nilimtuma chaki kwenye meza yangu. Nilisahau kwamba kadi imo. Akaiona. Akaijua kwa ile kona, dada yake aliiunguza kwa pasi ya mkaa. Akaichukua. Nikamkuta mlangoni nayo mkononi, na mwalimu mkuu anapita. Akauliza, ya nani? Haji akasema, yangu." Akaifunika simu kwa kiganja. "Mwalimu mkuu akanitazama mimi."

"Ukasema nini?"

"Nikasema, mtoto mwizi."

Haji alipigwa bakora kumi na mbili mbele ya skuli nzima. Tangu hapo watoto wakamwita Haji Mwizi, na jina likamfuata mpaka nyumbani kwao. Baba yake, aliyekuwa mtu wa msikitini, alimtoa skuli akampeleka Pemba kwa ami yake. Mwalimu hakumwona tena. Na yeye jioni ya siku ile alikwenda nyumbani akaichomeka namba arobaini na moja mahali pake.

Nakumbuka nilisogea kidogo kwenye lile benchi. Sikukusudia. Kwa miaka minane nilikuwa nikimwonea huruma mzee anayeogopa kila kitu, na sasa kwa mara ya kwanza niliogopa mimi, nikitazama vile vidole vyembamba vilivyonibebea mto.

Ujumbe wa pili ulikuwa wa sauti. Sauti ya mtu mnene, taratibu, haina hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililotutisha.

"Mwalimu, mimi Haji. Niko Deira, ofisi ya mizigo. Nimekutafuta miaka mingi. Njoo, au nitakuja mimi."

Mwalimu hakutoka tena. Alimwambia Zuwena ana homa. Mimi niliposhuka kazini nilipita kumwona, nikamkuta amekaa kitandani na lile kopo la mchele mapajani. Kichwani mwake mambo yalikuwa yameshafika mbali: Haji atamshitaki, polisi watachukua pasipoti, visa ya Zuwena itaingia doa, watarudishwa wote wawili kwa aibu.

"Mwalimu, kwa kadi ya chingamu? Ya zaidi ya miaka arobaini?"

"Wizi hauzeeki," alisema. "Mwizi ndiye anayezeeka."

Sikumbuki siku zile kwa mpangilio. Siku moja alitaka kuiteketeza ile kadi ili pasiwe na ushahidi. Alisimama jikoni nayo, lakini kuwasha jiko akaogopa. Siku nyingine alitaka nimwambie Haji kwamba amesafiri. Nikakataa. Kazi yangu ni kulinda milango ya watu, na wanaodanganya mlangoni nawajua. Kisha akapata wazo lililomfanya ainuke kitandani.

"Nitampa zote! Sitini. Albamu nzima, na jalada lake. Nani atakataa seti kamili? Hakuna mwingine mwenye nayo!"

"Na ukimpa moja tu, ile yake?"

Alinitazama kama niliyemwambia ajikate mkono.

"Seti ikivunjwa si seti tena, binti. Ni karatasi. Na lile pengo litasema. Kila atakayefungua atauliza, arobaini na moja iko wapi? Nitasema nini? Nikitoa zote hakuna pengo. Hakuna wa kuuliza."

Hapo nikaelewa kwamba haikuwa choyo. Alikuwa radhi kuipoteza albamu yote, mradi asibaki na ukurasa wenye kadi tatu.

"Mwalimu," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka, "ukimpa zote unamnunua. Mpe ya kwake."

Hakuisahihisha sentensi yangu. Kisha akanawa mikono, akaikausha, akachukua kibano cha Zuwena cha nyusi, akaanza kuichomoa kadi, kona baada ya kona. Ilikuwa imekaa pale miaka mingi kiasi kwamba karatasi ya chini ilikuwa nyeupe kwa umbo lake. Kona ya mwisho ilitoka nyeusi.

Tulikwenda Jumatatu, siku yangu ya mapumziko, kwa Metro. Alishika nguzo kwa mikono miwili. Kila kituo aliniuliza kama hapa ndipo, na nilijua anatumaini nitasema tumepita. Deira tulitembea upande wa bandari ya khor, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, tukipita marundo ya friji na matairi yaliyongoja kupakiwa, mpaka tukafika kwenye ofisi ndogo yenye mlango wa kioo. Mwalimu akasimama nje. Kofia yake ilikuwa imelowa jasho mbele.

"Jee, tukirudi kesho?"

Nikafungua mlango.

Haji alikuwa mtu mkubwa wa zaidi ya miaka hamsini, miwani juu ya paji, simu sikioni. "Khalas, khalas, yalla," alimwambia mtu kwa Kiarabu, yaani basi, yamekwisha, akakata. Akatuona. Akainuka polepole, na kadiri alivyoinuka ndivyo Mwalimu alivyozidi kuwa mdogo. Nilijiweka mbele kidogo, kama nifanyavyo kazini nikiona jambo linataka kuharibika.

Haji akainama. "Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu alifungua mdomo, "marahaba" haikutoka. Alitoa bahasha kifuani akaiweka mezani, akaisukuma kwa kidole.

Haji hakuigusa. Alivuta viti, akaagiza chai tatu za karak, ile nzito ya maziwa, kutoka mkahawa wa jirani, akakaa. Ofisini palikuwa na wateja wawili, Msomali na mwenzake wa Pakistani, na kijana Mganda aliyekuwa anafunga maboksi kwa utepe wa gundi.

"Sikukutafuta kwa hiyo," Haji akasema.

"Unataka nini, mwanangu? Sema. Kama ni polisi, sema."

"Polisi?" Haji alishangaa kweli. "Mwalimu, baba yangu alikufa anaamini kazaa mwizi. Pemba nilifanya kazi, nikatuma fedha nyumbani, kila nikituma alimuuliza mama, kaipata wapi? Nilikuwa na miaka thelathini bado ananificha ufunguo wa kabati. Baba ameshakwenda. Lakini mama yupo. Ana miaka themanini na ushei. Nataka umwambie wewe. Kwa mdomo wako."

Mwalimu alishika kingo za kiti. "Nitamwandikia barua. Barua nzuri."

"Hasomi."

Akabonyeza simu, akaiweka juu ya meza, sauti ikatoka nje. Iliita, ikaita. Chai ilikuwa imeshaletwa; nilisikia jino la Mwalimu linagonga kikombe. Halafu sauti ya kike, kavu, ya mbali:

"Haji?"

"Mama, nina mtu hapa. Mwalimu wangu wa skuli. Ana neno na wewe."

"Nani?"

"Mwalimu!"

"Aseme."

Mwalimu alisogeza uso karibu na simu. "Bi Mkubwa," alinong'ona, "ile kadi, miaka ile..."

"Sisikii!"

"Bi Mkubwa, ile kadi..."

"Nasema sisikii! Masikio yangu yamekufa. Sema kama mwanamume!"

Wale wateja wawili walikuwa wamegeuka. Yule Mganda alisimamisha utepe wake hewani, naye Kiswahili anakijua. Mwalimu alinitazama. Sijaona macho kama yale, wala sitaki kuyaona tena. Nilitamani kuikata ile simu mwenyewe. Kisha akainuka, akashika meza, akapaza sauti, sauti ambayo sikujua anayo, ya mtu anayesomesha watoto hamsini darasa moja:

"Haji hakuiba! Kadi ilikuwa yake! Mimi ndiye niliyeiba! Nilifungua mkoba wake nikaichukua, kisha nikamwita mwizi mbele ya skuli!"

Kiyoyozi kilinguruma. Upande wa pili tulisikia pumzi ya bibi, na jogoo anawika mahali.

"Rudia," akasema.

Akarudia. Mara ya pili sauti ilimkatika katikati, lakini aliimaliza.

"Baba yake keshakufa," bibi akasema.

"Najua, Bi Mkubwa."

"Ungewahi."

Basi. Hakumtukana, hakulia, hakusema amesamehe. Alimkumbusha Haji amtumie dawa ya presha, akakata.

Mwalimu aliketi. Haji alivua miwani, akajifuta uso kwa kiganja, mara moja, kama mtu aliyetoka kunawa. Ndipo akachukua bahasha, akatoa kadi, akaitazama ile kona, akaitia mfuko wa shati nyuma ya risiti. Nilidhani yamekwisha. Nilikuwa nimeshashika mkoba wangu.

"Mwalimu," Haji akasema, "hizo hamsini na tisa, wenyewe wako wapi?"

Njia nzima ya kurudi hakusema. Kwenye Metro alikaa mikono magotini, na tulipofika kituo chetu ilibidi nimguse bega.

Nilifikiri hatakwenda kwenye maonyesho. Zuwena, aliyekuwa ameambiwa yote na kulia siku nzima, alimtafutia njia rahisi kwa mapenzi ya mtoto: angechapisha nakala ya rangi ya namba arobaini na moja, aichomeke, hakuna atakayejua. Waandalizi wenzake walikubali. Mwalimu akasema hapana. Alikwenda. Albamu iliwekwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe, imefunguliwa pale penye pengo, na pembeni palikuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, kwa kalamu nyekundu: "Kadi hizi niliwanyang'anya wanafunzi wangu. Aliye na yake aichukue."

Nilisimama naye kwa kuwa aliniomba. Mtu mmoja mmoja alisoma, akamtazama, akaondoka haraka. Mwanamke mmoja alimvuta mwanawe mkono. Mzee aliyekuwa akimsalimia kila Ijumaa alipita kama hamjui. Mwalimu alitetemeka kutoka saa tatu mpaka adhuhuri, na kila nilipomwambia akae alisema, "Nikikaa sitainuka." Karibu na mwisho akaja mtu mwenye mvi, akapitisha kidole juu ya kurasa, akasimama kwenye namba kumi na tisa.

"Hii yangu," akasema. "Ulinambia mwisho wa muhula."

"Muhula umekwisha," Mwalimu akajibu, akamchomolea.

Mpaka mwaka unaisha zilikuwa zimetoka kumi na moja. Mbili zilikwenda kwa watoto wa marehemu, moja ilitumwa Muscat. Nyingine bado zipo, na pengine wenyewe hawatatokea. Alasiri bado ananawa mikono na kuifungua, lakini simsikii tena akihesabu.

Nilimwona mara ya mwisho Ijumaa iliyopita. Mimi nimehamia Sharjah na kazi mpya, siendi mara kwa mara. Zuwena alinifungulia akanambia nivue viatu nikae kimya, maana baba anangoja simu. Mwalimu alikuwa kwenye kochi, amevaa kanzu ya msikitini, kofia kichwani, simu mbele yake juu ya stuli. Aliniitikia shikamoo kwa mkono tu. Nikaona jasho juu ya mdomo wake.

"Nani anapiga?" nikamuuliza Zuwena kwa sauti ndogo.

Akanieleza mlangoni mwa jikoni. Mama yake Haji ameanza kusahau. Wiki moja baada ya ile simu ya Deira alimuuliza mwanawe kama kweli aliiba skuli. Haji akamweleza, hakumwamini; akasema nataka kusikia kwa mwalimu. Wiki iliyofuata akauliza tena. Tangu hapo kila Ijumaa baada ya sala Haji anamuunganisha kwa simu na Mwalimu, na kila Ijumaa kwa yule bibi ni mara ya kwanza.

"Ameshasema mara ngapi?"

"Sijui. Hazoei," Zuwena akasema. "Tangu Alhamisi hali chakula."

Simu ikaita. Mwalimu aliruka vilevile kama alivyokuwa akiruka lifti ikilia. Aliitazama ikiita, mkono unakwenda na kurudi. Nikadhani ataiweka chini ya mto. Akaichukua, akaitoa sauti nje, akaishika kwa mikono miwili, akainuka kwenye kochi akasimama wima katikati ya sebule.

"Haji kaniambia una neno na mimi," ile sauti kavu ikasema. "Wewe nani?"

"Mimi mwalimu wake wa skuli, Bi Mkubwa."

"Sisikii!"

Mwalimu akavuta pumzi, akafumba macho, akapaza sauti akaanza tangu mwanzo.